Vidonda vya tumbo ambavyo havikuwepo: kisa cha mwanafunzi mpweke katika chuo kimoja Tabora

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika chuo cha kati mjini Tabora. Mwanafunzi mwenyewe amekisoma na kukubali kiandikwe. Nimebadili kozi, umri na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha, na nitamwita N. Mimi ni mkufunzi niliyepewa pia kazi ya ushauri wa wanafunzi, kama ilivyo katika vyuo vingi vidogo: asubuhi unafundisha, mchana unasikiliza habari za simu zilizoibwa, wachumba walioondoka na ada zilizokwama. Saikolojia nimeisomea kwa kozi fupi tu. Nawaandikia wenzangu walio katika hali hiyohiyo, na hasa kwa sababu nusu ya kwanza ya kisa hiki niliikosea.

Usuli

N. alitoka kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma, mtoto wa kwanza kwao kuvuka kidato cha nne. Mama yake anauza mawese. Baba yupo, lakini hatajwi sana. Muhula ulianza Oktoba, naye akafika wiki tatu baadaye kwa treni, kwa kuwa awamu ya kwanza ya ada ilikuwa haijatimia.

Kwenye kalenda wiki tatu ni kitu kidogo. Hostelini ni umri mzima. Alikuta vitanda vimechaguliwa, vikundi vya majadiliano vimepangwa, na grupu la WhatsApp la darasa lina vichekesho vyake ambavyo mgeni haambiwi vilianzia wapi. Yeye hata hakuingia kwenye grupu hilo, maana simu yake ilikuwa kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Alipewa kitanda kilichobaki, katika chumba cha watu wanne mwishoni mwa korido, pamoja na wasichana watatu waliokwisha kuzoeana: mmoja wa Sikonge, mmoja wa Nzega na mmoja wa Singida.

Jina la utani alilipata jioni ileile. Aliulizwa anatoka wapi, akajibu Kigoma, mmoja akadakia, "Aa, mwisho wa reli!" Wakacheka, naye akacheka. Tangu hapo akawa Mwisho wa Reli. Maneno yenyewe si tusi. Reli ya Kati iliishia Kigoma mwaka 1914, na watu wa huko hujiita hivyo wenyewe kwa kujidai. Ila utani huhitaji kurudishiana, na mgeni wa siku moja hana cha kurudisha. Atacheka, na wenzake wataamini amefurahi.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya tano alikosa testi. Chumba cha mtihani kilibadilishwa, tangazo likapita WhatsApp saa tatu usiku, na asubuhi yeye akaenda kukaa peke yake kwenye darasa tupu. Mkufunzi wa somo aliandika "hakuhudhuria" na kuendelea na kazi zake.

Wiki ya saba matroni alinieleza kwamba kuna msichana asiyekula na wenzake, huteka maji saa ambazo bombani hakuna mtu, na hulala saa mbili usiku. Niliwaita wenzake wa chumbani. Jibu lao lilikuwa moja: "Mwalimu, yule anaringa. Hata tukimkaribisha chakula hataki."

Nililipeleka suala kwenye kikao cha wakufunzi. Mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, alisema upweke ni ugonjwa wa Wazungu; huku kwetu mtu atakosaje watu wakati chumba kimoja wanalala wanne? Mwingine alishauri aombewe. Sikuwa na jibu siku ile. Leo ningemsomea ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025: mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na katika nchi za kipato cha chini ni karibu asilimia 24, wakati nchi tajiri ni karibu 11. Nadhani wengi wa hao wa asilimia 24 hawalali peke yao chumbani.

Maamuzi yangu ya kwanza, na sababu zake

Niliamua mambo matatu ndani ya wiki moja, yote kwa nia njema.

La kwanza, nilimsimamisha asubuhi kwenye mkusanyiko, nikamtambulisha upya na kuwaomba wanafunzi wamchukue kama dada yao. Niliamini kwamba tatizo ni kutofahamika. Baadaye N. aliniambia kwamba kabla ya siku ile alikuwa msichana asiyejulikana, na baada yake akawa msichana anayehurumiwa, na kwamba la kwanza lilikuwa afadhali.

La pili, nilimsukuma ajiunge na kwaya. Alikwenda mara moja. Mara ya pili ukatajwa mchango wa sare, shilingi 15,000, na hakuonekana tena. Nikaandika kwenye daftari langu: "hana mwamko." Bado ninalo daftari hilo.

La tatu, nilimteulia rafiki, waziri mmoja katika serikali ya wanafunzi, msichana mchangamfu ambaye alimtembelea mara tatu na kila mara akanipa taarifa kana kwamba anarudisha karatasi ya mahudhurio. Urafiki wa kupangiwa una harufu, na N. aliisikia mapema.

Wiki ya tisa, mwanzoni mwa Desemba, alikuja ofisini kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Alisema vidonda vya tumbo vimemzidi. Mlango ulikuwa wazi, kama ninavyofanya kila ninapoongea na binti, na watu walipita koridoni. Nilimuuliza kwa sauti ya chini lakini bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujiua. Wakufunzi wengi huogopa swali hili, wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii, mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. N. alisema hapana, anachotaka ni kulala kwao tu. Nilimweleza kwamba hali ikibadilika, usiku au mchana, amgongee matroni, na kwamba Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, tutakwenda naye, hatutamwacha aende peke yake. Kisha nikafanya kosa la nne: nikampa noti mbili za elfu kumi. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Kwa muda wa wiki nzima baada ya siku hiyo, kila aliponiona alipita njia nyingine.

Matroni

Yaliyofuata si kazi yangu. Nayaeleza kama matroni alivyonisimulia, baada ya kumwomba N. ruhusa ya kunisimulia.

Desemba Tabora ni maembe. Miembe ipo kila mahali, na embe lililoanguka halina mwenyewe. Matroni alikuwa ameona kwamba chini ya kitanda cha N. maganda hayaishi, na wenzake wakimtania kwamba huyu kwao hakuna maembe. Usiku mmoja, saa nne kupita, alimkuta kwenye banda la kupikia nyuma ya hosteli, sufuria ndogo juu ya makaa yaliyoachwa na wengine, anakoroga uji mweupe.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Daktari wako wa vidonda vya tumbo ndiye aliyekuruhusu maembe?"

N. akanyamaza.

"Na mimi nilikuwa navyo," matroni akasema, akavuta kigoda. "Mwaka wa kwanza chuoni. Vilianza siku waliposema kila mtu achange, vikapona nilipoajiriwa."

Hapo N. akalia, kisha akacheka, kisha akaeleza yote. Wasichana wa chumba chake hupika pamoja kila jioni, kila mmoja anatoa shilingi elfu moja kwa siku. Yeye fedha ya matumizi aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa ya kula mara moja kwa siku, tena kwa hesabu kali. Siku ya kwanza alipokaribishwa alisema hana njaa. Ya pili akasema ana vidonda vya tumbo. Uongo huo ulifaa sana: haukuhitaji fedha na haukumvunjia mtu heshima. Lakini kila jioni ulitaka ulishwe, na chakula chake kilikuwa ni yeye kukaa mbali.

Matroni hakumpa kitu. Alimuuliza mama yake anauzaje dumu la mawese, akamtajia bei anayonunulia sokoni Tabora, akasema: "Ukienda Krismasi niletee lita tatu. Nakulipa sasa, maana ukishafika kwenu utanisahau." Fedha ile, pamoja na ile yangu, ikatosha nauli ya kwenda na kurudi.

Nilipoambiwa habari hii niliudhika kidogo, nakiri. Mimi nilitoa zaidi ya matroni, lakini fedha yangu ilimfanya anikwepe, na yake ikampa sababu ya kurudi Tabora.

Maamuzi ya pili

Tulikaa watatu, mimi, matroni na N. mwenyewe, safari hii yeye akiwa na kauli. Tulikubaliana kwamba wenzake wa chumbani hawataambiwa habari za umaskini wake na mtu yeyote isipokuwa yeye, siku atakayotaka, au wasiambiwe kabisa. Nilikuwa na hamu ya kuwaita na "kuwaelimisha". Matroni alinikatalia kwa jicho tu.

Kuhusu matangazo nilitumia mamlaka yangu: kila badiliko la ratiba libandikwe ubaoni kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa maandishi, na lililopita WhatsApp peke yake lisihesabiwe kuwa tangazo. Kiongozi wa darasa alilalamika kwa dakika tano. Wiki ya kwanza nilimwona N. ubaoni, na karibu naye wanafunzi wengine sita wenye vitochi au wasio na bando, ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu.

Vilevile tulianza mazungumzo mara moja kwa wiki, tukitembea kutoka chuoni hadi getini na kurudi, kwa sababu ofisini alikauka. Nilimpa swali moja la kubeba: "Unajuaje?" Akisema wananidharau, unajuaje? Wamefanya nini, umeona nini, je, kuna maelezo mengine? Mwanzoni lilimkera. Alisema hosteli nzima inajua. Nikamuuliza nani alimwambia.

Januari

Alirudi. Alishuka kwenye treni na dumu la lita tano, tatu zikaenda kwa matroni, mbili akaziweka mezani chumbani na kusema, "Mama amewatumia." Hili alilipanga mwenyewe. Kwa bahati nzuri msichana wa Sikonge naye alikuwa amerudi na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na kwao hupikwa na karanga. Jioni ile hakuna aliyechanga fedha. Walipika maharage kwa mawese. Msichana wa Singida hakuipenda harufu, akala matobolwa. Wa Nzega alikula bila maoni. Wa Sikonge aliongeza mara mbili.

Tangu hapo N. akawa anatoa mafuta na mkono: kuwasha jiko, kusonga ugali, kuosha. Mawese yalipokwisha, hakuna aliyetaja elfu moja, kwa kuwa tayari ilikuwa imezoeleka kwamba yeye ndiye anayesonga.

Siku kumi hivi baadaye alikuja matembezini akiwa na sura nyingine. Alikuwa amelijaribu lile swali. Alimuuliza wa Sikonge, wakiwa jikoni wawili, kwa nini waliacha kumkaribisha chakula tangu Novemba.

"Si ulisema una vidonda vya tumbo?" yule akajibu. "Sisi tunatia pilipili. Tuliogopa tutakuua."

Miezi miwili yeye aliamini hawamtaki, nao waliamini anaringa, na baina yao palikuwa na pilipili. Watafiti wa Marekani na Uingereza walichapisha mwaka 2018 kwamba watu wawili wageni wakishaongea, kila mmoja hudhani hakupendwa na mwenzake kadiri alivyopendwa kweli. Nilimsimulia. Akasema, "Basi hata wao wako peke yao katika chumba cha watu wanne."

Matokeo

N. alimaliza muhula akiwa na sapu moja, yaani mtihani wa marudio, katika somo lile alilokosa testi, na akaifaulu. Hakuwa mchangamfu, wala hakuwa na haja ya kuwa. Alipata rafiki mmoja, wa Sikonge, na watu wawili wa kusalimiana nao bila kujikaza. Na msichana wa Singida hawakuelewana hadi mwisho. Jina la Mwisho wa Reli halikufa, ila siku moja nilimsikia akilirudisha: alimwita wa Nzega "Kituo Kidogo", na korido ikacheka upande wake.

Mwaka wa pili yeye na wa Sikonge walipanga geto, chumba cha mtaani, huko Isevya mjini Tabora. Mwezi wa tatu waligombana kwa sababu ya kodi, wakanuniana siku nne, wakapatana bila kuniita. Katika kisa chote, hilo ndilo jambo lililonifurahisha zaidi. Kabla ya hapo hakuwa na mtu wa karibu kiasi cha kununiana naye.

Uchambuzi

Nilichokosea kwanza ni kutafsiri. Niliona mtu asiye na watu, nikampa watu: mkusanyiko, kwaya, waziri. Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, alitenganisha mwaka 1973 upweke wa kukosa kundi na upweke wa kukosa mtu wa karibu, na akasema kimoja hakizibi pengo la kingine. N. alizungukwa na kundi mchana kutwa, kwa hiyo kuongeza kundi kulikuwa kama kumwagia maji mtu mwenye kiu.

Lakini hata hilo halitoshi kueleza kisa. Nadharia nilizosoma hazikunitayarisha kwa bei ya urafiki. Katika vyuo vyetu karibu kila mlango wa kuingilia kwa watu una mchango: chakula, sare, keki ya siku ya kuzaliwa, rambirambi, bando. Hakuna anayekufukuza, unajiondoa mwenyewe, kwa heshima, na unatafuta ugonjwa wa kusingizia. Mkono mtupu haulambwi, na mtu mwenye mkono mtupu huuficha nyuma. Siku hizi nikiambiwa mwanafunzi "haongei", swali langu la kwanza ni anakula wapi na nani analipa. Hali yake ya moyo naiuliza baadaye kidogo.

Kwa hiyo ile misaada yangu minne ilikuwa na kasoro moja: yote ilimfanya N. mpokeaji. Alipokea huruma, sauti ya waziri, na noti zangu. Matroni alimgeuza muuzaji. Mawese yalimgeuza mwenye kutoa. Hapo ndipo alipoweza kukaa kwenye duara la jiko bila kujihesabu.

Jiko lenyewe nalo lina hesabu yake. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemjua tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili awe wa karibu sana. Hao ni Wamarekani, na sidhani saa za Kansas na za Isevya zina urefu mmoja, lakini chukua kadirio hilo uone. Kwaya ilikutana saa mbili kila Jumapili: saa 50 ni wiki 25, na muhula wetu hauzidi wiki 17. Kupika na kula huchukua saa moja na nusu kila jioni: saa 50 ni siku 34. Kwa hesabu hiyo kwaya haikuwa na nafasi hata kama sare ingekuwa bure.

Lile swali la "unajuaje" nililibahatisha kutoka kwenye kozi yangu fupi, na nafurahi nililibahatisha. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi za tiba ya upweke, uliochapishwa mwaka 2011, uliona kwamba kurekebisha namna mtu anavyowasoma wengine kulisaidia kuliko kumwongezea nafasi za kukutana na watu. Ila katika kisa hiki swali lisingefika popote bila jiko. Novemba, kama ningemuuliza unajuaje kwamba hawakutaki, angenijibu kwa ushahidi: hawanikaribishi. Na ingekuwa kweli.

Bado sina uhakika na jambo moja. Hatukuwaambia wenzake ukweli, na uongo wa vidonda ulifutika polepole bila kukanushwa. Matroni anaona ndivyo ilivyotakiwa. Mimi hujiuliza kama wa Singida angekuwa tofauti angejua. N. alipoulizwa alisema, "Angenihurumia," na akabadili mazungumzo.

Ubao wa matangazo ndio uliosaidia wengi kwa gharama ndogo, nao ndio uliokufa kwanza. Oktoba iliyofuata nilipita kuuangalia. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Machi, imefifia kwa jua. Nikamtafuta kiongozi mpya wa darasa. Alikuwa na simu nzuri, na ilinichukua muda kumfanya aelewe nazungumzia nini.